Fresha akikubali, bado ni unyanyasaji

Wengi huuliza kama "ukaribisho" wa timu na klabu za chuo, ambapo wakubwa humpiga, humtumikisha au humlazimisha pombe fresha (mwanafunzi mpya), ni unyanyasaji. Ndiyo, ni unyanyasaji hata kama fresha alisema sawa. Mtu yuko wiki ya pili chuoni, hana rafiki, anataka nafasi kwenye timu, amezungukwa na wakubwa hosteli usiku. Hiyo "sawa" yake haina uzito. Sheria ya Florida, Marekani, inasema wazi kuwa kukubali kwa mwathiriwa si utetezi. Hapa Kenya, ukimpiga mtu akaumia ni kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 5, na "mila ya klabu" haikuokoi.

Nimekuwa mlezi wa klabu za wanafunzi hapa Kisumu. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni siri: "Njoo saa sita usiku, usiulize, simu acha mlangoni." Halafu kuna zile kazi za mafresha pekee, kama kufua soksi za kapteni au kuwanunulia wakubwa chapo kwa pesa ya HELB, mkopo wa serikali wa masomo (na tunajua inavyochelewa). Pombe ya kulazimishwa ndiyo hatari zaidi. Timothy Piazza, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, 2017, alinyweshwa kupita kiasi, akaanguka kwenye ngazi, na wenzake wakakaa saa nyingi bila kuita ambulensi. Alifariki.

Ila si kila desturi ni kosa. Kubeba mipira na koni kwa zamu, kapteni akiwemo, ni kazi ya timu tu.