Kwa nini is_resource inakikataa kishikio cha cURL baada ya kuhamia PHP 8

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Ninahudumia mfumo wa chama cha wafugaji nyuki hapa Tabora, ambao humtumia mwanachama ujumbe mfupi wa simu kila asali yake inapopimwa. Tangu seva ihamishwe kutoka toleo la 7.4 la lugha ya programu PHP kwenda PHP 8.1 ujumbe hauendi, na faili la hitilafu halina hata mstari mmoja. Nimepekua msimbo nikakuta programu inakomea kwenye if (!is_resource($ch)) return false. Mbona curl_init haijashindwa, lakini ukaguzi huu unasema hakuna kitu?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na ninakushukuru kwa kuutafuta mstari wenyewe kabla ya kuandika. Kishikio chako cha cURL, yaani kile ambacho curl_init hukupa ili programu iwasiliane na seva nyingine mtandaoni, kipo na ni kizima. Kilichobadilika ni aina yake. Tangu PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, curl_init hairudishi tena rasilimali (aina ya zamani ya PHP ya kushikia vitu kama faili au muunganisho) bali hurudisha objekti, yaani kitu chenye klasi yake, hapa CurlHandle, nayo is_resource huikubali rasilimali tu. Andika var_dump($ch) kwenye seva ya zamani, utaona resource(5) of type (curl), au namba nyingine mahali pa 5. Iandike kwenye seva mpya, utaona object(CurlHandle)#1 (0). Kwa kuwa is_resource imejibu kwa usahihi kabisa kwamba objekti si rasilimali, injini ya PHP haikuwa na kosa lolote la kuandika kwenye faili la hitilafu, na programu yako ikarudi kimyakimya kabla ya kutuma chochote.

Ili usione mabadiliko haya kama usumbufu usio na sababu, inafaa ujue rasilimali zilivyokuwa zikishughulikiwa ndani ya injini. Chukua mfano wa mzigo unaokabidhiwa stesheni ya Tabora ili uje huku Kigoma kwa treni: mkononi unabaki na risiti yenye namba, mzigo wenyewe uko stoo. Katika PHP 5 kigeu chako kilibeba namba tu. Kila fanksheni ilipotaka kukitumia kitu, ilikwenda kwenye jedwali moja kubwa la injini, ikaitafuta namba hiyo, kisha ikalinganisha aina iliyoandikwa pale na aina ambayo kiendelezi (sehemu ya ziada ya PHP, kama cURL) kilikuwa kimeisajili wakati wa kuanza, na hata hesabu ya wangapi bado wanakirejelea kitu hicho ilitunzwa humo humo jedwalini.

PHP 7, ya Desemba 2015, ilirahisisha sehemu hiyo vizuri sana. Kigeu kikaanza kuelekeza moja kwa moja kwenye muundo mdogo wenye hesabu ya marejeo, namba, aina, na kielekezi cha kitu chenyewe, kana kwamba risiti sasa imeandikwa rafu ambako mzigo umewekwa, na karani hana haja tena ya kufungua daftari. Jedwali likabaki, hasa kwa ajili ya kusafisha vilivyosalia ombi linapomalizika.

Hata hivyo, kasoro kubwa haikuondoka, nayo ni kwamba lugha yenyewe haikuijua rasilimali kwa jina. Huwezi kutangaza kwamba fanksheni yako inapokea rasilimali ya cURL. Unaweza kupewa faili lililofunguliwa, na kosa likaonekana tu pale curl_exec inapolikataa kwa onyo na kurudisha false. Wakati huohuo objekti zilikuwa tayari na kila kilichohitajika: jina la klasi, hesabu ya marejeo, na utaratibu wa kufuta. Kutunza mitambo miwili kwa kazi moja hakukuwa na maana, na kwa maoni yangu uamuzi wa kuhamia objekti ulikuwa sahihi. Uhamiaji umekwenda kidogo kidogo, kiendelezi kwa kiendelezi: GMP ya namba kubwa katika 5.6, hash_init katika 7.2, kisha cURL, GD ya picha, soketi na OpenSSL katika 8.0, halafu LDAP, FTP na PostgreSQL katika 8.1. Leo unaweza kuandika function tuma(CurlHandle $ch), na anayeleta kitu kingine husimamishwa mlangoni.

Tiba ya tatizo lako ni kuuandika ukaguzi huo upya kuwa if ($ch === false) return false. Mstari huo hufanya kazi kwenye 7.4 na kwenye 8.1 vilevile. Tafuta sehemu nyingine kwa grep -rn is_resource, lakini nakusihi usibadilishe zote kwa mkupuo, kwa sababu fopen, opendir na proc_open bado hurudisha rasilimali, na huko is_resource ni ukaguzi halali. Angalia zaidi palipo na picha. Mimi nilipoteza siku mbili hapa Kigoma kwa risiti za wauza dagaa zilizokuwa zikitoka bila nembo, kumbe ni is_resource($picha) iliyokuwa ikiiruka picha ya GD ambayo ilifunguliwa bila shida yoyote.

Kuna jambo la pili ambalo bado halijakusumbua. Tangu 8.0, curl_close haifanyi chochote. Kishikio hufutwa pale tu rejeo lake la mwisho linapoondoka. Ikiwa umekihifadhi ndani ya klasi au kwenye safu, kitaendelea kushika kumbukumbu hadi utumie unset au ukiweke null. Kwa mfumo wako ningependelea kishikio kimoja kwa ujumbe wote wa siku, ukibadilisha namba ya simu na maneno kwa curl_setopt, kwani cURL huweza kuutumia tena muunganisho uliokwisha kufunguliwa badala ya kupatana upya na seva ya ujumbe kwa kila mwanachama, na kwa mtandao wetu tofauti hiyo utaiona kwa macho.

Mwisho, kama unatuma kwa curl_multi, inayoendesha maombi mengi kwa pamoja, na kuzitunza kazi kwenye safu kwa ufunguo wa (int) $ch, tumia spl_object_id($ch), inayorudisha namba ya objekti, badala yake, na uihifadhi objekti yenyewe pamoja na taarifa zake, kwa sababu ikishafutwa, namba ileile inaweza kupewa objekti nyingine, na jibu la mfugaji mmoja likaandikwa kwenye rekodi ya mwingine.