Mnaoanza jiolojia, anzeni kuangalia chini ya jiwe

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza, kuna kitu ningeambiwa mapema kingenisaidia sana. Nguzo ya mwamba ikianguka msikimbilie kuuliza siku hiyo kulikuwa na wimbi gani au upepo gani, maana kazi ya kuidhoofisha inakuwa imeshafanyika zamani.

Mimi nilielewa pale Coco Beach maji yakiwa yamekupwa. Nendeni muangalie ule mwamba wa matumbawe, juu umetokeza kama kibaraza na chini umeliwa umeingia ndani, kwa sababu mawimbi yanapiga palepale kila siku, chumvi inaingia kwenye vitundu na ikikauka inageuka fuwele zinazosukuma mwamba kwa ndani, halafu mvua nayo ina asidi kidogo inayoyeyusha chokaa. Uzito wa juu ni uleule, mguu unazidi kukonda, mpaka nyufa zinakutana. Ni habari ileile ya Twelve Apostles, zile nguzo za mwamba zilizosimama baharini kule Australia, Julai 2005 nguzo moja ya chokaa ya kama mita 50 ilishuka yote ikabaki kifusi baharini.

Alafu msichanganye kuchakaa na mmomonyoko, hapo wengi tuliachia maksi. Kuchakaa ni mwamba kudhoofika hapohapo ulipo, mmomonyoko ni maji au upepo kubeba kile kilicholegea. Zile nguzo za Isimila kule Iringa zimechongwa na vyote viwili.

Kingine kinachoniuma: unamuuliza mtu kwa nini mwamba wa Dar unapasuka anakujibu barafu, kisa vitabu vinaanza na barafu! Ni kweli maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na Old Man of the Mountain, mwamba uliofanana na uso wa mtu kule New Hampshire, Marekani, uliteswa hivyo miaka na miaka, watu wakaufunga minyororo na kuziba nyufa kwa saruji na bado ukaanguka tarehe 3 Mei 2003. Ila huku kwetu andikeni chumvi, mawimbi, mvua, na mizizi ya miti pia.

Mkienda fildi, jamani, msile chakula kwenye kivuli cha jiwe lililoliwa chini. Sisi tulikaa, tukahama kwa sababu ya jua tu, na kipande kikashuka palepale tulipokuwa tumeweka mabegi. Ukiona vipande vimelala chini na sura yake iliyovunjika bado ni nyeupe, haijapata ule weusi wa mwamba wa zamani, jua vimedondoka juzijuzi. Piga picha ukiwa mbali, kaa kwingine.