Maswali ya wasomaji: Ni nani anayetakiwa kuthibitisha?

Swali: Mdogo wangu alishtakiwa kwa wizi. Alijitetea kwamba usiku ule alikuwa safarini, ila hakuleta shahidi. Hukumu inasema "mshtakiwa ameshindwa kuthibitisha kuwa hakuwepo", akatiwa hatiani. Ni sawa hiyo?

Jibu: Si sawa, na sentensi hiyo ndiyo ya kwanza kuipeleka kwenye rufaa. Anayesema alikuwa mahali pengine habebi mzigo wa kuthibitisha. Kwake inatosha kuzua shaka. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kwamba alikuwa pale. Hata akionekana mwongo, uongo wake hauzibi pengo la ushahidi wao. Hakimu akishaukataa utetezi, bado anatakiwa kurudi kwenye ushahidi wa mashtaka na kujiuliza: huu peke yake unatosha?

Msingi wake ni kesi ya Woolmington, Uingereza, 1935. Kijana alimpiga mkewe risasi, akasema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliwaambia waamuzi (raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, yaani jury) kwamba kuua kukishathibitika, ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kwamba hakukusudia. Rufaa ilipofika Baraza la Malordi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, hukumu ikatenguliwa. Mawakili hupenda kunukuu maneno ya Lord Sankey, mmoja wa majaji wa rufaa hiyo, kuhusu "uzi wa dhahabu", yaani kanuni kwamba ni mashtaka wanaothibitisha hatia. Lenye faida zaidi kwenu ni jambo jingine alilolisema: mshtakiwa halazimiki kuiridhisha mahakama kwamba hana hatia. Shaka ikibaki, anaachiwa.

Lakini si kila shaka. Jaji Denning wa Uingereza (baadaye Lord Denning) alieleza mwaka 1947, katika kesi ya Miller, kwamba uwezekano wa mbali, wa kufikirika tu, hauokoi mtu. Shaka iwe na mahali pa kushika ndani ya ushahidi wenyewe: shahidi aliyemtambua mtu gizani bila kueleza mwanga ulitoka wapi, au kielelezo kilichopita mikononi mwa watu wasiojulikana.

Ombeni nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi mapema, maana muda wa rufaa ni mfupi. Kisha angalieni mpangilio: je, hakimu aliamua kwamba mashahidi wa mashtaka wanasema kweli kabla hajaugusa utetezi? Hilo ni kosa lilelile likiwa limevaa nguo nyingine. Msitegemee sentensi moja tu, hata hivyo. Mahakama ya rufaa huisoma hukumu nzima, na ushahidi uliobaki ukiwa mzito inaweza kuacha hatia isimame.

Swali: Kama mtu hana hatia mpaka ithibitike, mbona wanamweka mahabusu?

Jibu: Kwa sababu mahabusu si adhabu, angalau kisheria. Swali la dhamana ni kama atarudi mahakamani, ataharibu ushahidi au atawatisha mashahidi. Hakimu anayenyima dhamana kwa kusema "ushahidi unaonyesha ulitenda" amekwisha kuhukumu kabla ya wakati wake.

Swali: Nimesoma kwamba kuna makosa ambayo mshtakiwa mwenyewe ndiye anayethibitisha. Kweli?

Jibu: Kweli. Mfano wa zamani ni utetezi wa kichaa. Ila kiwango chake ni cha chini, kile cha kesi za madai: inaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa. Ugumu uko kwenye sheria za dawa za kulevya na forodha zinazosema ukikutwa na kitu, unachukuliwa kuwa na nia fulani. Katika kesi ya Oakes, 1986, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikifuta kifungu kilichomchukulia kila aliyekutwa na dawa kuwa ni mfanyabiashara wake, kwa kuwa kiasi kidogo hakionyeshi biashara. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Salabiaku, 1988, haikuzikataa dhana za namna hiyo zote. Ilitaka ziwe na mipaka ya kiasi na zimwachie mshtakiwa nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo wakili asome kifungu neno kwa neno: je, kinamtaka mshtakiwa athibitishe, au alete maelezo tu? Likiwa ni la pili, akishayaleta, kazi ya kuyabomoa ni ya mashtaka.