Dagabodi au Mkuku? Mwalimu wa Dunga Anauliza

SWALI: Jaduong', salamu nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naunda katamarani (boti ya mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja) ya futi 32 kwa plaiwudi na epoksi hapa uani kwangu, Dunga, Kisumu. Nataka boti ya kutembea na familia, kulala humo usiku mbili tatu tukipitia visiwa vya Ziwa Victoria, kuanzia Ndere mpaka Rusinga na Mfangano, pamoja na wageni wachache wa kuchangia mafuta. Michoro niliyonunua inaruhusu njia mbili: mkuku, yaani uti mfupi wa kudumu chini ya kila mtumbwi, au dagabodi mbili, yaani mbao za kupandisha na kushusha majini. Shemeji yangu anasema bila dagabodi nitapeperushwa kama gugumaji. Nimebakiza kufunga sakafu tu, kwa hiyo uamuzi hauwezi kungoja. Nifanye nini?
— Mwalimu, Dunga

JIBU: Mwalimu, shemeji yako ana hoja. Upepo ukipiga tanga kwa ubavu, boti hutaka kwenda mbele na pia kuteleza kando, na lazima kuwe na kitu ndani ya maji cha kuikatalia huko kuteleza. Dagabodi ni nyembamba, ndefu, na inafika chini kwenye maji matulivu, kwa hiyo inashika kuliko mkuku mfupi. Waundaji wa katamarani za Outremer na Catana huziweka kwa sababu wateja wao wanataka mbio. Lagoon na Leopard, ambazo utazikuta nyingi kwenye biashara ya kukodisha, zina mikuku ya kudumu, kwani mtu aliyekodi boti kwa wiki moja hakumbuki kupandisha ubao akikaribia ufuo.

Tupige hesabu hiyo kwa maji yetu. Dunga hadi Ndere ni kama kilomita 25, na mchana upepo unakujia usoni, kwa hiyo utabisha, kombo kulia, kombo kushoto. Boti inayopanda nyuzi 45 kutoka kwenye upepo itatembea kilomita 35. Inayopanda nyuzi 55, kama mikuku mifupi inavyoweza kukufanya, itatembea karibu 44. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa umechelewa saa moja na zaidi kidogo. Huo ndio ushahidi wote wa shemeji, na nimempa kwa ukarimu.

Sasa nikuulize: ni nani aliyekuambia utoke Dunga saa nane mchana?

Watazame wavuvi wa hapo hapo kwako. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo hutoka bara kwenda ziwani, na wao hutweka tanga saa kumi alfajiri wakaenda nao magharibi. Jua likipanda, nchi hupata moto, upepo hugeuka ukawarudisha nyumbani na mbuta wao. Mashua zile hazina dagabodi, zina mkuku wa mti tu. Ukiamka nao, kubisha kutakuwa kazi ya siku moja moja, na siku hizo enjini ya nguvu-farasi 15 itakusaidia kuliko ubao wowote. Mstaafu hana kengele ya saa mbili inayomsubiri.

Nakwambia haya mtu niliyefanya kazi miaka saba kwenye karakana ya boti pwani kabla ya kurudi nyumbani Asembo. Katamarani moja niliyokuwa nikiitunza ilikuwa na dagabodi nzuri ajabu. Jioni moja tukiingia mkondo, mimi mwenyewe ndimi niliyesahau kupandisha ule wa kushoto. Tuligonga mwamba tukiwa na mwendo. Ubao haukukatika, afadhali ungekatika. Ulirudi nyuma kwa nguvu ukapasua mfuko wake, lile sanduku jembamba linalosimama kutoka sakafuni hadi juu, ukanasa humo, haupandi, haushuki. Maji yakaanza kutoka ndani ya kabati la jikoni. Nilipofungua mlango, debe la unga lilikuwa limeshageuka uji na bado linajaa. Tuliziba kwa godoro na magoti yetu mpaka nchi kavu. Mwenye boti hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi.

Huko pwani utaambiwa faida moja kubwa ya mkuku wa kudumu: maji yakipwa, boti inakaa juu ya mikuku yake kwenye mchanga, unasugua tumbo, maji yakijaa unaondoka. Hapa futa hiyo. Ziwa halipwi wala halijai kwa saa, boti utaivuta juu ya magogo na vijana kumi. Lakini futa pia hofu moja ya dagabodi, maana maji yetu hayana chumvi, hivyo hakuna chaza wa baharini wa kuota ndani ya mfuko na kuubana ubao. (Ukisugua boti umesimama majini, vaa buti ndefu. Kichocho hakijui kwamba wewe ni mwalimu.)

Badala ya chaza tuna gugumaji. Ubao uliosimama wima hulikusanya kama uma, kisha mzigo wote unaning'inia hapo, boti inaenda kama ng'ombe aliyefungwa. Utalazimika kupandisha ili lipite, na upepo ukiukandamiza ubao kwenye mfuko wake haupandi kwa urahisi. Mkuku wenye uso wa mbele uliolala kimshazari hulisukuma chini likapita. Halafu tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020, kando ya ufuo kuna visiki na vigingi vya ua vilivyobaki chini ya maji. Mimi ningependa nivipige kwa mkuku.

Na ndani? Mtumbwi wa katamarani ya futi 32 ni mwembamba. Mfuko wa dagabodi utasimama pale ambapo mama watoto alitaka kitanda. Usiku mkitia nanga, ubao utagonga kuta zake, kong, kong, mpaka alfajiri.

Kwa hiyo kwa boti yako, weka mikuku. Funga kwanza tumbo la mtumbwi lote, lipake epoksi na faibaglasi, ndipo ubandike mkuku kwa nje kama kitu cha peke yake. Ukigonga jiwe, uvunjike wenyewe na tumbo libaki zima. Ushuke chini kuliko msukani na propela, na chini yake pigilia ubao mgumu wa kubadilisha ukilika. Pesa utakazookoa kwenye mifuko na kamba nunulia tanga jipya, si la mtumba. Na punguza mizigo: katamarani iliyojazwa masufuria, jenereta na kreti za soda haipandi upepo hata ukiipa dagabodi nne.

Ungeniambia boti ni nyepesi, haina enjini, na unataka kupita Mfangano kwenda ziwa kuu wiki baada ya wiki, ningekujibu vingine. Huko kuna faida ambayo shemeji hakuitaja: wimbi kubwa likikupiga ubavuni, ukiwa umepandisha mbao boti huteleza nalo kando badala ya kujikwaa. Lakini mwendo huo si wako.

SWALI: Mzee, nina katamarani ndogo ya mchezo Naivasha. Dagabodi ya kulia hukwama kila nikitoka ufuoni. Nipunguze unene wake kwa randa?
— Kijana wa Naivasha

JIBU: Weka randa chini, kijana. Hiyo ni changarawe iliyoingia ulipoiburuta boti. Ilaze ubavu, mwagia ndoo mbili za maji mfukoni kutoka juu, kisha pitisha kamba yenye kitambaa juu na chini mpaka isitoe mchanga. Kesho yake ibebeni, msiiburute.