Mpira wa kulishia puani kwa mtoto mwenye nimonia: jibu kwa mama wa mtoto wa miezi 7

Umesema mwanao ana kilo 7, yuko kwenye oksijeni, manesi wanataka kumwekea mpira puani, na bibi yake amekataa kwa kuwa mpira ni wa "waliokwisha". Mwambie bibi, kwa heshima zote, kwamba sivyo. Mpira huu huwekwa kwa siku chache, mtoto anavuka kipindi cha kukosa pumzi, kisha unatolewa.

Mtoto mchanga hunyonya, humeza na kupumua kwa zamu. Akifikia kupumua mara 70 kwa dakika, zamu ya kumeza haipatikani. Maziwa yanakwenda njia ya hewa, kwenye mapafu yaleyale yenye nimonia. Mtazame akiwekwa ziwani: ananyonya mara mbili tatu, anaachia, mabawa ya pua yanatanuka, jasho linamtoka kwenye paji. Huyo hajakataa ziwa, pumzi ndiyo imemshinda.

Hata hivyo, si kila mwenye nimonia awekewe. Anayekunywa vizuri aachwe anywe, maana mpira unaziba sehemu ya pua na wenyewe unaweza kusababisha kupaliwa. Kama mwanao bado anamaliza maziwa yake bila kuhangaika, una haki ya kuuliza sababu.

Kwa umri wake hutumika mpira namba 6 au 8. Nesi anapima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi chini ya chembe ya moyo, anaweka alama, ndipo anaupitisha taratibu. Mtoto akikohoa mfululizo au kubadilika rangi, utolewe hapohapo. Ukishafika unabandikwa plasta shavuni, na alama ibaki pale tundu la pua linapoanzia. Ikumbuke alama hiyo, utaihitaji.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kuhakikisha mpira uko tumboni KABLA ya kila mlo, si siku ya kuwekwa tu. Kikohozi na kutapika huuvuta ukatoka mahali pake bila plasta kubanduka. Nesi anavuta kidogo kwa sirinji na kupima majimaji yanayotoka: pH, yaani kipimo cha uasidi, iwe 5.5 au chini, au karatasi ya litmasi ya bluu igeuke nyekundu. Yasipotoka, mtoto alazwe kwa ubavu wa kushoto, asubiriwe dakika 15 hadi 30, kisha nesi avute tena kwa sirinji. Bado ikishindikana, hakuna kulisha hadi ijulikane mpira uko wapi, ikibidi kwa eksirei. Wapo wanaosukuma hewa na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu, wakaridhika. Mimi siuamini utaratibu huo hata kidogo, kwa sababu mlio huo unaweza kusikika hata mpira ukiwa kwenye pafu.

Kiasi: kwa kilo 10 za kwanza huhesabiwa mililita 100 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 7 ni mililita 700, yaani kama 87 kila saa 3, au 58 kila saa 2. Anayehema sana ni bora apewe kidogo kidogo kila saa 2, kwa sababu tumbo likijaa linasukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mapafu yanabanwa. Daktari anaweza kupunguza jumla hiyo, hasa kama kuna dripu pia. Maji yakizidi yanaweza kuishia kwenye mapafu. Mwenye utapiamlo mkali ana hesabu yake tofauti, usitumie hii.

Wakati wa kulisha, kichwa na kifua viinuliwe. Sirinji itolewe kisukumio, ishikwe juu kidogo ya mtoto, maziwa yashuke yenyewe kwa dakika 15 hadi 20. Kusukuma ili umalize haraka ndiko kunakoleta matapishi. Maliza kwa maji safi kama mililita 5 ili mpira usizibe, na abaki ameinuliwa nusu saa. Akikohoa, akibadilika rangi au oksijeni ikishuka kwenye kile kipimo cha kidoleni, shusha sirinji, funga mpira, ita nesi. Alama ikisogea puani, usiusukume ndani mwenyewe.

Maziwa yako ndiyo bora. Kamua kila saa 3, usiku pia, la sivyo yatapungua. Uji usipite humo hata ukiwa mwepesi, utaganda. Vidonge vilivyopondwa ni vivyo hivyo.

Kasi ya kupumua ikipungua na kifua kikiacha kubonyea, jaribu ziwa kwanza, kinachobaki kipite kwenye mpira. Akiweza sehemu kubwa ya milo kwa mdomo, utolewe. Wakati wa kuutoa nesi aukunje kwanza kisha auvute kwa mkupuo mmoja, maziwa yaliyobaki ndani yasidondokee kooni.