Kopo Lenye Mimba

Newala, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, mikorosho imeanza kutoa maua, na mdogo wako anakusalimu na kukukumbusha ile simu uliyomwahidi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama jikoni, mara ya pili nikakaa, mara ya tatu nikafunga mlango. Unasema bosi wako hapo kwenye duka la nafaka amekufundisha namna ya kuichezea mizani ili kilo isome kabla haijatimia. Gunia linaloingia kutoka shamba analipokea kwa rumbesa, limejazwa kupita kipimo, linalotoka analiuza kwa kilo pungufu. Kisha ukaniuliza: "Mama, tumelelewa kwa visa vya Mitume. Lakini wao walikuwa na wahyi na miujiza. Musa alipiga bahari ikapasuka. Mimi nina mizani, bosi na kodi ya chumba. Visa vyao vinanisaidia nini?"

Sikukujibu kwa simu. Ndani ya jibu langu kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia, na si jambo la kulisema huku salio linakatika. Ndiyo maana nimechukua daftari la mdogo wako.

Kwanza nikuondolee lawama. Swali lako si kukosa imani. Chuoni mlifundishwa fimbo iliyogeuka nyoka, moto uliokuwa baridi kwa Ibrahim, na samaki aliyemmeza Yunus, kwa sababu watoto wanapenda hayo na mwalimu anataka mtulie. Lakini Qur'ani imetaja Mitume 25 kwa majina, na ukiwafuata mmoja mmoja utawakuta wengi wao kwenye mambo ya kawaida kabisa: malisho, mtoto mkaidi, ndugu wenye wivu, kazi ya mkono. Daud alifua deraya za chuma. Zakaria alikuwa seremala. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisema hakuna Nabii ambaye hakuchunga kondoo, na yeye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira.

Ila mimi nataka twende Madyan. Ni upande wa kaskazini-magharibi ya Arabia, kuelekea Ghuba ya Akaba, nchi ya watu wa biashara na misafara. Huko Mwenyezi Mungu alimpeleka Shuaib, alayhi salaam.

Umesema Mitume walikuwa na miujiza. Fungua Suratul A'raf, aya ya 85. Shuaib anawaambia watu wake kuwa hoja iliyo wazi imekwisha wafikia kutoka kwa Mola wao. Hoja gani? Qur'ani haikuitaja. Hakuna fimbo, hakuna ngamia kama wa Saleh. Kilichotajwa ni kipimo na mizani, tena si mara moja: kwenye A'raf, kwenye Hud, kwenye Shu'araa. Anawaambia mwabuduni Mwenyezi Mungu, hamna mungu ila Yeye, na hata pumzi hajashusha anaongeza: timizeni kipimo, msiwapunje watu vitu vyao. Hakungoja wawe wachamungu kwanza ndipo awaambie habari za soko.

Na hawakuwa na njaa, mwanangu. Kwenye Hud aya ya 84 anawaambia, nawaona mmo katika neema. Nakuandikia hilo kwa sababu mimi nilijitetea kwa njaa.

Kangomba, ule ununuzi wa korosho wa mlango wa nyuma, unaijua, lakini hujui kuwa mama yako aliifanya. Msimu wa 2007 korosho zetu za Mtwara ziliingizwa kwenye stakabadhi ghalani: unapeleka chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, mnada unaitwa, pesa inakuja baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo iliyotulisha sisi wa kangomba. Mtu ana mtoto mgonjwa leo, deni la salfa, dawa ya mikorosho, limemkaba, unga umekwisha, na mnada haujaitwa. Anakuja usiku mlango wa nyuma na ndoo ya korosho. Wengine niliwakopesha unga mwezi wa pili wanilipe korosho mwezi wa kumi, kwa bei niliyoitaka mimi na kwa kipimo changu.

Kipimo chenyewe kilikuwa kopo la maziwa ya unga, lile kubwa. Tuliliita kilo. Usiku mmoja, nyinyi mmelala, niliingiza mchi ndani nikaligonga kitako taratibu mpaka kikatokeza nje kama kitovu cha mtoto mchanga. Kopo halikukaa tena sawa, likawa linayumba, kwa hiyo nilichimba kishimo kwenye mchanga wa uani nikalisimamisha humo. Ukilitazama kwa juu, kopo ni kopo. Kwa kitako kile na kilima nilichokipandisha juu, kila kopo lilimeza karibu robo kilo zaidi. Ulikuwa darasa la tatu. Sare uliyovaa mwaka ule, na viatu vile vyeusi ulivyovipenda mpaka ukavilalia, vilitoka kwenye kile kishimo.

Bibi wa nyumba ya mwisho, yule mjane aliyekuwa akikupa embe, naye alikuwa mteja wangu. Siku moja nimeshampimia, akainama, akalitoa kopo kishimoni na kulipapasa kitako kwa kiganja. Akaniuliza, taratibu, wala hakukasirika: "Kopo lako lina mimba, mwanangu?"

Nilimjibu jibu ambalo hata leo linaniwasha mdomoni. Nilimwambia, "Bibi, kopo langu, pesa yangu. Asiyetaka asilete."

Ramadhani ya mwaka uliofuata nilikuwa kwenye darasa la wanawake baada ya alasiri. Shekhe anasoma Suratu Hud kwa tafsiri. Akafika aya ya 87, watu wa Madyan wanamjibu Mtume wao: Ewe Shuaib, hizo sala zako ndizo zinazokuamrisha tuache waliyoyaabudu baba zetu, au tuache kufanya tupendavyo katika mali zetu?

Tufanye tupendavyo katika mali zetu. Kopo langu, pesa yangu. Wenzangu walikuwa wanajipepea kwa kanga kwa joto, mimi nilihisi baridi. Miaka yote nilijiona niko upande wa Mtume kwenye kisa kile, kumbe maneno yangu ni ya upande wa pili, tena yameshaandikwa. Na tazama walivyosema: sala zako. Hawakumkataza kusali. Wangemwachia asali hata usiku kucha, mradi sala isitoke nje ikaja kwenye mizani. Mimi nilikuwa nasali tano, mwanangu, tarawehe sikosi, na kopo liko kishimoni linaningoja.

Niliacha kabla ya Idi. Lakini toba ya haki ya mtu haikamiliki kwa kulia, mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Nikaenda kwa bibi kichwa chini, nimejiandaa kukisia. Akaingia ndani akatoka na kijungu, akamwaga korosho mkekani. Kila kopo nililompimia alitenga korosho moja, misimu miwili. Tukazihesabu mbele ya mjukuu wake: 64. Kwa robo kilo, zikawa kilo 16. Nikamlipa kwa bei ya mnada, si bei yangu. Hakunishukuru. Alizifunga pesa kwenye pindo la kanga, akaniuliza kama nimekula.

Wengine niliwalipa kidogokidogo, miaka mitatu. Waliohama na sikuwapata niliwatolea sadaka kwa niaba yao, na mmoja mpaka leo namtafuta, nasikia yuko Nachingwea. Mwaka 2018, Serikali iliposema itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na uhakiki ukapita vijijini kuuliza mwenye magunia shamba lake liko wapi, niliwaona niliofanya nao biashara wakihangaika kutafuta mashamba ya kuazima. Sikuwacheka. Pengine kidogo.

Sasa turudi Madyan, maana nyuma yako kuna kodi ya chumba na sijaisahau.

Musa aliingia Madyan hana kitu. Ametoka Misri mbio, ameua mtu bila kukusudia, anatafutwa. Fimbo yake ilikuwa haijawa nyoka, bahari haijapasuka, na utume bado hajapewa. Suratul Qasas, aya ya 23, anafika kisimani anakuta wachungaji wamejazana, na pembeni wanawake wawili wanazuia wanyama wao. Anawauliza mna nini? Wanasema hatunyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yetu ni mzee sana.

Sisi tuliokulia juu ya uwanda huu hatuhitaji tafsiri ya aya hiyo. Nimeteremka bondeni kufuata maji tangu nikiwa na miaka minane, ndoo kichwani kupanda kilima, na najua maana ya vijana wenye nguvu kukuruka kwenye foleni huku wewe umeshikilia kata yako mkononi. Mkimbizi mwenye njaa akiniwekea ndoo yangu mbele bila kudai kitu, ningemkumbuka mpaka kaburini. Musa aliwanyweshea, akarudi kivulini, akamwambia Mola wake: mimi ni mhitaji wa heri yoyote utakayoniteremshia. Hakuwaomba wale mabinti hata tonge.

Kisha akaitwa. Mmoja wa mabinti akamwambia baba yake, mpe kazi huyu, mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu, mwaminifu. Akapata mke na kazi ya miaka minane, akitaka atimize kumi. Ibn Abbas alipoulizwa Musa alitimiza muda upi, alisema ule mrefu zaidi. Watu wengi husema yule mzee ndiye Shuaib. Qur'ani haikumtaja jina na wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo mtu akikubishia dukani usigombane naye.

Kwa hiyo kuhusu bosi wako. Usiache kazi kesho asubuhi kwa hasira. Yunus naye aliondoka kwa hasira, na unajua alipokwenda kuomba msamaha. Kaa naye faragha, wateja hawapo. Shuaib wanazuoni humwita khatibu wa Mitume kwa jinsi alivyojua kusema na watu: aliwaita "enyi watu wangu", akawaambia sitaki kuwakataza jambo kisha nilifanye mimi, sitaki ila kutengeneza kadiri niwezavyo. Mwambie bosi kuwa wewe mizani hutaichezea, na kwamba rumbesa huipokei. Mwambie pia lile la Mtume wetu sokoni Madina, alipotia mkono ndani ya lundo la chakula, juu kukavu, vidole vikatoka na unyevu, akasema mwenye kughushi si katika sisi. Wafanyabiashara wanalielewa hilo haraka kuliko sisi, wao ndio wanaojua kilicho chini ya lundo.

Akikubali, alhamdulillah. Akikataa, chukua stahiki zako kwa adabu uondoke, usimtangaze sokoni kama huna ulazima. Lakini mteja akikuuliza uso kwa uso kama kilo ni kilo, usimdanganye. Kodi ya miezi miwili tutaisaidia, baba yako ameshaniambia tusikuambie kwamba anauza mbuzi yule mweusi, na mimi nimekuambia. Chumba chako huku kipo, nimekitoa magunia.

Na ukiona umeshaigusa ile mizani, hata siku moja, usijifungie ndani kulia. Chukua daftari uandike: nani, kiasi gani, siku gani. Bibi yetu yule hakujua kusoma na alitunza hesabu ya misimu miwili kwenye kijungu.

Nimekufungashia korosho zilizobanguliwa, kondakta wa basi la asubuhi atakupigia akifika stendi. Nimezipima kwenye mizani ya jirani, ni kilo 3 kamili. Ukikuta zimepungua muulize mdogo wako, ndiye aliyekuwa akizifunga, na mdomo haukutulia.

Wassalaam,
Mama yako