Nilimshukuru Mungu kwa mdomo, moyo ukakataa

*Shangazi, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanamke niliyeolewa miaka mitatu iliyopita. Sasa ni miezi minne tangu mimba yangu iharibike, ikiwa imeingia mwezi wa tano. Ilikuwa ya kwanza. Siku chache baada ya kuruhusiwa hospitalini, maziwa yakaanza kutoka na hapakuwa na wa kuyanyonya. Wiki ya pili kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alikuja na akina mama wengine. Akaniambia nisimame nimshukuru Mungu kwa kilichotokea, kwa kuwa Biblia inasema tushukuru kwa kila jambo, na nisiposhukuru nitajifungia mlango wa kupata mtoto mwingine. Niliyasema maneno hayo. Tangu siku hiyo siwezi kuomba. Nikifumba macho najisikia nikisema "asante kwa kumchukua", naona kama nimemsaliti mwanangu. Sasa wamenipangia kutoa ushuhuda wa shukrani kanisani Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema nitoe tu, yaishe. Tena rafiki yangu amejifungua, sijaenda kumwona, na nimeshaambiwa nina wivu. Shangazi, nimemkosea Mungu? Nikikataa kushukuru ataninyima mtoto?*

*Mwenye Mikono Mitupu*

Mwanangu, pole. Pole sana.

Ningekuwa karibu nawe ningekaa tu kwanza. Rafiki zake Ayubu walipofika wakamkuta alivyo, walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Katika yote waliyomfanyia, hilo ndilo lililokuwa jema. Makosa yalianza walipofungua vinywa. Lakini wewe umeniuliza, na barua haiwezi kunyamaza, kwa hiyo nitakujibu.

Nianze na hofu yako. Hapana, Mungu hatakunyima mtoto kwa sababu ulilia mahali ulipotakiwa kushukuru. Anayeshukuru ili apewe hajashukuru bado, ametanguliza malipo. Na Mungu tunayemwabudu hauzi watoto. Mfikirie Hana, mama yake Samweli, aliyelia miaka na miaka kwa kukosa mtoto. Alipokwenda hekaluni hakutoa ushuhuda wa shukrani. Alilia sana, akaomba kwa uchungu wa nafsi, midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Kumbuka hilo: mtumishi wa Mungu aliyekuwa zamu siku ile alimwelewa vibaya mwanamke mwenye uchungu, na Mungu akamwelewa vizuri. Wimbo wake wa shukrani upo, tena ni mzuri sana, ila umo katika sura inayofuata. Hakuna aliyemlazimisha auimbe kabla ya wakati. Simtaji Hana ili nikuahidi kwamba nawe utapata mtoto. Sina ahadi hiyo mkononi, na anayekupa ahadi hiyo kwa sharti la shukrani hanayo pia. Namtaja kwa sababu machozi yake yalihesabiwa kuwa maombi.

Na mimba haiharibiki kwa sababu ya mawazo ya mama au upungufu wa imani yake. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 20 huharibika, nyingi zikiwa ndani ya wiki 12 za kwanza. Inapotokea mwezi wa tano, kama kwako, ni nadra zaidi, na mara nyingi panakuwa na la kuchunguza: mlango wa kizazi kulegea mapema, maambukizi, tatizo la kondo la nyuma, na mengine. Kama hujarudi kwa daktari kuulizia, rudi, tena mwende wawili. Baadhi ya sababu hizo zikijulikana mapema, mimba inayofuata inaweza kulindwa. Kumwona daktari si kumkosea imani Mungu.

Sasa hilo andiko ulilosomewa. "Shukuruni kwa kila jambo" limo katika barua ya kwanza ya Paulo kwa Wathesalonike, sura ya 5, mstari wa 18. Kwa Kiswahili hilo "kwa" linaweza kutubeba pabaya, tukadhani tunaambiwa tushukuru kwa sababu ya kila jambo. Kigiriki alichoandika Paulo kinasema *en panti*, yaani ndani ya kila jambo, katika kila hali. Mtu anaweza kuwa ndani ya msiba na bado akawa na cha kumshukuria Mungu, bila kuushukuru msiba wenyewe. Mambo mawili hayo yako mbali kama mbingu na nchi, na wewe ulisukumwa uyavuke kwa hatua moja, wiki ya pili, maziwa hayajakauka.

Tena tazama barua hiyo iliandikiwa nani. Mnamo mwaka wa 50 hivi baada ya Kristo, Wathesalonike walikuwa Wakristo wachanga wanaoteswa, na baadhi ya wapendwa wao walikuwa wamekufa. Katika sura ya 4 Paulo anawaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Hakuwaambia wasihuzunike kabisa. Na mistari minne tu kabla ya huo wa shukrani, anawaagiza wawatie moyo waliovunjika, wawashike mkono wanyonge, wavumiliane na watu wote. Waliokuja kwako waliuruka mstari wa 14 wakatua kwenye wa 18. Nasema hivi bila kuwahukumu, kwa sababu nami niliwahi kufanya hivyohivyo. Miaka mingi iliyopita nilimwambia rafiki aliyefiwa "mshukuru Mungu kwa yote", nikaona uso wake ukifunga kama dirisha. Hakunijibu. Aliniaga kwa upole na hakunifungulia moyo tena kwa muda mrefu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikimfundisha jinsi ya kulala.

Najua mtu anaweza kukujibu kwa Waefeso 5:20, panaposema tumshukuru Mungu sikuzote kwa mambo yote. Ni kweli, andiko lipo, na siwezi kulifuta ili hoja yangu ikae vizuri. Lakini Paulo huyohuyo aliwaambia Warumi walie na wanaolia, na akaandika kwamba viumbe vyote vinaugua, na sisi tulio na Roho tunaugua pia ndani yetu. Angekuwa anataka tukiite kifo zawadi, asingekiita adui katika barua yake kwa Wakorintho. Adui haandikiwi barua ya shukrani.

Nataka ukae nami kidogo kaburini kwa Lazaro, maana mimi mwenyewe hurudi pale kila ninapokwama. Fungua Yohana sura ya 11. Yesu anajua anachokwenda kufanya. Anajua baada ya dakika chache Lazaro atatoka akiwa hai. Mwenye sababu ya kuwaambia watu "acheni kulia, shukuruni" angekuwa yeye. Mariamu anamwangukia miguuni na lawama mdomoni: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Yesu hamkemei. Hamuulizi imani yake iko wapi. Mstari wa 35 unasema, "Yesu akalia machozi." Kisha mistari sita mbele, mstari wa 41, jiwe limeondolewa, anainua macho anasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia."

Kilio na shukrani vimo katika sura moja, katika kinywa kimoja, na kilio ndicho kilichotangulia. Na angalia anashukuru kwa ajili ya nini. Hasemi asante kwa kufa kwa Lazaro. Anashukuru kwa kuwa amesikiwa. Miezi hii minne, mwanangu, naamini wewe umesikiwa, hata katika siku ambazo hukusema neno. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari hata mmoja wa shukrani, na bado imo ndani ya Biblia, kati ya maombi ambayo watu wa Mungu walirithishana. Siku huwezi kuomba, isome hiyo. Mtu wa kale ameshakuombea.

Umeniuliza kama umemsaliti mwanao. Hujamsaliti. Maneno yaliyotolewa kwa kusukumwa hayana uzito unaoyapa, na Mungu aliyesikia sauti aliuona na moyo. Ukitaka, yarudishe. Mwambie wazi: Bwana, siku ile nilisema asante kwa kumchukua, na sikumaanisha. Ayubu alisema makali kuliko hayo. Aliilaani siku aliyozaliwa. Mwishoni Mungu aliwaambia rafiki zake kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu.

Na shukrani? Itakuja, na nadhani unayo tayari ila umeambiwa uitafute mahali pasipo pake. Ulikaa na mtoto huyo karibu miezi mitano. Pengine ulishaanza kumsikia akicheza. Huyo unaweza kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa kuwa alikuwepo, kwa kuwa alikufanya mama. Kushukuru kwa mtoto si kushukuru kwa kifo chake. Kama hamjampa jina, mnaweza kumpa, hata kama litabaki kati yenu wawili. Nikisoma barua yako naona shukrani hiyo imejificha pale unapoandika "mwanangu". Usiilazimishe itoke zaidi ya hapo kwa sasa.

Kuhusu Jumapili ya mwisho wa mwezi, usisimame. Mwendee kiongozi wako, au mwandikie ujumbe mfupi ikiwa sauti itakatika, umwambie: "Mama, nashukuru mmenikumbuka, lakini bado naomboleza na siko tayari kutoa ushuhuda. Nitakuwa tayari siku nitakayokuwa tayari. Kwa sasa naomba mniombee tu." Akisisitiza, nenda kwa mchungaji wako na andiko la Yohana 11. Kusimama madhabahuni kusema usichokiamini si sadaka.

Mume wako anaposema yaishe, sidhani kama hajali. Naye amepoteza mtoto, na huenda hajui aweke wapi hasara ambayo haikuwa mwilini mwake. Usianze na suala la ushuhuda. Muulize usiku mmoja, taa ikiwa imezimwa, alikuwa anamwazia mtoto huyo nini. Msikilize mpaka mwisho.

Na ukiona usingizi umekuhama kwa zaidi ya wiki mbili, huli, hujisikii kuinuka, au fikra za kufa zinakujia, tafadhali usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Mwambie mumeo siku hiyohiyo na mwende kwa daktari au mshauri nasaha. Huzuni inaweza kugeuka ugonjwa, na ugonjwa huo una tiba.

Rafiki yako aliyejifungua mtumie salamu za kweli: kwamba umefurahi kwa ajili yake, kwamba bado huwezi kuja, kwamba si yeye. Rafiki wa kweli ataelewa. Hiyo si husuda. Ni mikono inayokumbuka kitu kilichotakiwa kuwa ndani yake. Siku utakapotaka kumbeba mtoto wake, utakwenda. Ukifika mlangoni ukashindwa, rudi nyumbani ulie, uende siku nyingine.

Shangazi yako